Mstari wa Matofali

Hebu jichoree picha hii akilini, taratibu. Ni jiko dogo kwenye ghorofa ya tatu, mtaa wa Forest, kusini mwa Brussels. Ni Desemba, saa kumi na moja jioni, na nje giza limekwisha kutanda, maana huko wakati wa baridi jua hurudi kwao mapema kama karani wa ofisi. Mezani pana bakuli la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, limefunikwa, na kando yake vikombe viwili vya chai. Dirisha limefungwa vizuri. Na kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa ndani, kuna vumbi jekundu.

Si jingi. Ungeweza kulizoa lote kwa kijiko kimoja. Lakini litazame: ni udongo wa milimani, ule unaoshika pindo la suruali na kukataa sabuni, na katika jiko lile hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga udongo wa namna hiyo kwa miezi kadhaa.

Rolande, mwenye jiko, alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Kesho yake alipotoka kazini alilikuta tena, na safari hii lilikuwa na alama za vidole vinne, kama mtu aliyepumzisha mkono wake pale huku akitazama barabara. Alimuuliza mumewe, Crispin, kama alifungua dirisha. Crispin alisema hapana. Alimuuliza kama alikuwa anatengeneza kitu. Crispin alicheka, akasema kila kitu cha kutengenezwa ndani ya nyumba ile alishakitengeneza mara mbili, na kilichobaki ni kumtengeneza jirani wa chini asikie.

Ulikuwa mzaha, lakini ulikuwa na ukweli wake. Crispin alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha hapo Forest tangu ujana wake mpaka kilipofungwa. Alisimama kwenye chaîne, ule mstari ambapo gari hupita mbele ya wafanyakazi na kila mmoja huongeza sehemu yake. Sasa alishinda nyumbani. Alipika, alipiga pasi, alikaza bawaba za milango. Na kila mara Rolande alipoitazama mikono ile mikubwa ikizunguka nyumbani ikitafuta cha kushika, alihisi huruma ambayo hakuthubutu kuisema.

Yeye Rolande alikuwa na kazi aliyoipenda. Alizaliwa Kivu, akaletwa Ubelgiji na wazazi wake wakimbizi akiwa msichana, akasoma historia. Karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, kulikuwa na ofisi ndogo iliyoshughulikia urithi wa majengo ya kale: lipi lina thamani, kwa sababu gani, na lifanyiwe nini. Mwaka ule alikabidhiwa magofu ya walowezi wa mwanzo huko Kivu, nyumba za mashambani ambazo Wabelgiji walizijenga walipokwenda kulima kahawa, kisha zikaachwa, paa zikaanguka, miti ikaota sebuleni. Barabara iliyofungwa na vita ilipofunguka kwa wiki chache alisafiri hadi huko, akapima gofu moja kubwa la matofali lililo juu mlimani, mahali wenyeji wanapopaita Kwa Mzungu wa Kahawa. Alirudi na picha nyingi. Ripoti yake ilisifu ustadi wa walowezi wa mwanzo, ikapendekeza jengo lisimamishwe tena: kuta, baraza, bomba la moshi, paa. Hervé, mkuu wa ofisi, alisema hajaona ripoti nzuri kama ile. Kilichobaki ni kamati kuipitisha, na Rolande angepewa kuusimamia mradi wote.

Baada ya vumbi ikaja sauti.

Kwanza ilisikika ukutani, kati ya sebule na chumba cha kulala. Kop. Kimya. Kop. Mtu aliyewahi kukaa karibu na mafundi angeitambua: ni sauti ya tofali likiwekwa juu ya udongo mbichi, kisha kugongwa kwa mpini wa mwiko ili likae sawa. Rolande aliweka sikio ukutani. Ukuta ulikuwa baridi, na ulinuka tanuru lililonyeshewa mvua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, tamu iliyochacha, ya maganda ya kahawa yanayooza. Aliondoa sikio haraka. Shavuni alibaki na unyevunyevu.

Kisha akaanza kuiona mikono ya Crispin. Viganja vilikuwa vimepasuka. Chini ya kucha kulikuwa na wekundu. Crispin alikula kidogo, alilala kama gogo na kuamka amechoka. Rolande alidhani ameelewa: mume wake amepata kibarua cha ujenzi mahali fulani, cha kimyakimya, na anaona haya kumwambia. Akaona amsemeshe kwa upole.

“Crispin, uko unafanya chantier mahali? Sema tu. Sitakasirika.”

“Chantier gani?”

“Angalia mikono yako, papa.”

Crispin aliinua mikono yake, akaitazama kama mtu aliyeazimwa kitu na sasa anaogopa kukirudisha kimeharibika.

“Bon,” alisema polepole. “Hata miye sijue.”

Siku moja mkutano ulivunjika mapema, na Rolande akarudi nyumbani wakati taa za barabarani zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka. Aliita, hakuitikiwa. Alikwenda kwenye korido bila kuwasha taa, na hapo, kwa mwanga mdogo uliopita kwenye kioo cha mlango, alimwona mumewe amesimama kifua wazi, miguu ameitanua, anageuka kushoto na kupokea kitu kwa mikono miwili, anakibeba mbele ya tumbo, anageuka kulia na kukikabidhi, anarudi kushoto tena. Mikononi mwake hamkuwa na kitu, ila misuli ya mabega ilivimba kila alipopokea na kulegea kila alipotoa, kama misuli ya mtu anayebeba uzito wa kweli. Jasho lilimtiririka ingawa korido ilikuwa na baridi ya kutoa mvuke kinywani. Na kila alipogeuka kulia, mahali ambapo palikuwa na ukuta mtupu, ukuta ulijibu. Kop.

“Crispin.”

“Usinishike,” alinong'ona. “Utaangusha.”

“Nitaangusha nini?”

“Tofali, donc.”

Rolande alirudisha mkono wake. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeko ukingoni mwa shimo, ni nani anayempa hayo matofali.

“Sijue jina yake. Minaona shingo na mikono tu. Amechoka, Rolande. Iko anatetemeka.”

“Na huku ingine?”

“Huko siangalie. Huko iko ule anahesabu.”

“Toka basi. Kuya ukule.”

“Muntu hatokake kwenye chaîne mbele ya mwenzake kufika kukamata nafasi yake,” Crispin alisema, na hapo sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, na fahari hiyo ndiyo iliyomtisha Rolande kuliko yote. “Unajua sheria. Nikitoka, tofali itaangukia nani?”

Rolande alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akamngoja. Baada ya muda mrefu mikono ya Crispin ilishuka yenyewe, naye akaenda mezani, akala vijiko viwili vya sombe iliyopoa. Hakukumbuka kitu, ila alisema kwamba alijisikia vizuri kidogo, kama zamani, alipokuwa anatoka kiwandani.

Tangu siku hiyo vipindi vile viliongezeka. Daktari alimpima Crispin akauliza anabeba mizigo gani, kwa sababu moyo wake unakwenda kama wa hamali anayepanda mlima, na moyo, alisema, hauwezi kupanda mlima bila kufika. Mchungaji wao alikuja na kikundi cha maombi. Waliimba, walikemea, walipiga makofi mpaka jirani wa chini, yule asiyesikia, akaja kugonga mlango. Walipomaliza, nyumba ilinyamaza. Waliposhuka ngazi, ukuta ukaendelea pale ulipoachia, kama mfanyakazi aliyesimama kwa heshima kuwapisha wakubwa.

Ndipo Rolande akampigia simu Bi Mwanvua.

Huyu alikuwa mama wa makamo ya juu, mwenyeji wa Ujiji, aliyekuwa mkunga hospitalini hadi alipostaafu. Watanzania wa Brussels walimwita akawasomee dua wanapohamia nyumba mpya, na Wakongo waliomfahamu walimwita Maman Mwanvua, wakamheshimu ingawa wao ni Wakristo. Alipanda ngazi akiyalaumu magoti yake kila alipopumzika. Rolande alipofungua mlango na kuanza kusema karibu, mama yule alimwekea kidole mdomoni.

“Usinikaribishe,” alisema kwa sauti ya chini. “Nimeshafika, yatosha. Nyumba hii naona imekaribisha kupita kiasi.”

Aliingia, akavua viatu, akapita chumba kwa chumba akinusa hewa. Kwenye korido Crispin alikuwa kazini. Bi Mwanvua alimtazama kwa muda, kisha akasoma aya zake kwa mnong'ono. Ukuta ukanyamaza mpaka alipomaliza. Halafu: kop.

“Huyu hakuvunja mlango,” alisema. “Mwenye kuvunja hukimbia nikisoma. Huyu anasikiliza, anatikisa kichwa, anaendelea. Ameitwa. Niambie, mwanangu, kule kwenye magofu ulifanya nini? Na usinifiche.”

Rolande alimweleza. Hakufanya baya lolote. Alifika asubuhi pamoja na dereva. Kabla ya kuvuka kizingiti alisema hodi, kama mama yake alivyomfundisha, ingawa ndani mlikuwa na migomba na popo tu. Alipima kuta, akapiga picha za matofali, mengi yakiwa na alama za vidole vya waliofinyanga udongo ungali mbichi. Jua lilipoelekea kuzama walifunga vifaa, na Rolande akaona si adabu kuondoka kimya nyumbani kwa watu. Kwa hiyo aligeuka mlangoni akaaga. Alisema: asante kwa kutupokea, sisi tunaenda, nyumba yenu tutaisimamisha kama ilivyokuwa. Na nyinyi karibuni kwetu.

Dereva alicheka. Ndani popo walitulia.

Bi Mwanvua aliketi, akasugua goti.

“Adabu yako njema imekuponza,” alisema hatimaye. “Mahame yana wenyewe. Jini hapendi nyumba yenye watu, anapenda ile ambayo watu wametoka na uchungu wao wakauacha. Pale watu walipokezana matofali kwa kuchapwa fimbo mpaka mmoja akaanguka, labda wengi wakaanguka, nani aliuliza? Jini aliukuta mstari ule, akauvaa kama nguo. Alikaa nao kimya mlimani miaka yote hiyo. Kisha ukaja wewe.”

“Lakini miye nilisema tu vile tunasemaga, maman. Kila muntu anasemaga karibuni.”

“Ulisema mawili. Uliwakaribisha kwako, na uliahidi nyumba isimame kama ilivyokuwa. Ilisimama kwa mikono ya watu, Rolande. Mgeni wako amekuja kuchukua mikono. Akaikuta ya mumeo, mikubwa, mizoefu, imekaa bure. Unadhani angeiacha?”

Kutoka kwenye korido walisikia Crispin akipumua kwa mdomo. Rolande aliuliza, kwa mnong'ono, atamfukuza vipi.

“Mgeni uliyemwita mwenyewe hufukuzi,” alisema Bi Mwanvua. “Unamsindikiza. Lakini kwanza ahadi irudishwe, na irudishwe pale ulipoiandika, mbele ya wale wanaoitegemea. Ukimwambia hapa nyumbani kwamba umeghairi na kule ofisini ukaendelea, atajua. Na hapo hatabaki na mmoja tu.”

Rolande hakulala. Alifahamu vizuri anachoambiwa aache. Ripoti ile ilikuwa kazi bora aliyowahi kuifanya, na mkataba wake ulisimama juu ya ripoti hiyo kama nyumba inavyosimama juu ya msingi. Na mshahara wa nyumba ile sasa ulikuwa mmoja. Lakini kila alipofikiri hivyo, moyo wa mumewe uligonga kwenye godoro kando yake, haraka, haraka, kama mtu anayepanda.

Siku ya kamati alisimama mbele ya meza ndefu, ramani na picha zake zikiwa zimebandikwa ukutani. Aliwaambia kwa Kifaransa chenye utulivu kwamba anaomba kuondoa pendekezo lake. Alisema aliandika kuwa thamani ya gofu ni ustadi wa walowezi wa mwanzo, na picha za alama za vidole akaziweka chini ya kichwa cha mapambo ya ukuta. Alisema vidole vile si mapambo. Gofu likibaki gofu, mtu akifika atauona udongo, ataviona vidole, ataona mahali ukuta ulipochoka. Tukilisimamisha, tukalipaka chokaa na kuliezeka, tutakuwa tumewafunika watu wale mara ya pili, safari hii kwa nia njema. Liachwe kama lilivyo, na juu yake pabaki mbingu.

Walimsikiliza kwa heshima. Mzee mmoja aliuliza kama basi jengo lile halina thamani. Rolande alisema linayo, kubwa kuliko alivyoandika, ila si yetu kuijenga upya. Hervé aliinamisha kichwa. Baadaye, kwenye korido, alimuuliza kwa wema kama anaumwa, kisha akamwambia ukweli: ripoti ambayo mwandishi wake haiamini haiwezi kupelekwa mbele. Mradi ungefungwa. Na bila mradi, hakuwa na mkataba wa kumpa baada ya mwezi huo.

Rolande alirudi Forest akiwa hana kazi, na alipofungua mlango alilakiwa na kimya.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko sauti. Ukuta haukugonga. Crispin alikuwa amesimama kwenye korido, mikono mbele ya tumbo, kama mtu aliyeambiwa asubiri na tofali lake. Na nyumba nzima ilijaa pumzi, si ya mtu mmoja bali ya wengi, nzito, ya kupokezana, iliyoanzia jikoni ikapita sebuleni ikatoka mlangoni na kushuka ngazi, ngazi baada ya ngazi, kama watu waliokaa chini wameegemea ukuta na kusikia kwamba huenda leo wakaruhusiwa kwenda, ila hawataki kuamini mapema. Rolande alipita katikati yao akijibana, akiomba radhi kwa kunong'ona, ngozi ikimsisimka kila aliposikia joto la bega asiloliona, mpaka akafika jikoni, akaweka sufuria ya ugali motoni, kwa sababu Bi Mwanvua alikuwa amesema hivi: mgeni haagwi akiwa na njaa, hasa aliyezoea kufanya kazi bila kula.

Jumapili asubuhi walitoka. Rolande alitangulia na kapu la ugali na maharagwe. Crispin alifuata, mikono yake ikiwa bado imebeba kile kisichoonekana. Bi Mwanvua alikuwa kando yake akisoma chini kwa chini, na alikuwa amewaeleza mapema jambo moja. Anayesindikiza hufika mahali akasema: mimi naishia hapa. Asiposema, miguu yake huendelea tu na mgeni mpaka kwa mgeni. Na neno lile Rolande asingeweza kumsemea mumewe. Mwenye kushikwa mkono ndiye mwenye kuuachilia.

“Na kama hawezi kusema?” Rolande aliuliza.

“Basi atakwenda nao,” alisema Bi Mwanvua. “Mwili utabaki na sisi siku chache.”

Walikwenda kwa miguu hadi Gare du Midi, stesheni ya treni ambako wageni wa jiji huondokea. Soko la Jumapili lilikuwa limejaa: zeituni, nanaa, kuku wa kuchoma, wauzaji wakitangaza bei kwa lugha tatu. Watu walibanana kiasi kwamba mtoto angepotea. Lakini Crispin alipopita, watu walimpisha, na baada ya kumpisha hawakurudi. Rolande aligeuka akaona. Nyuma ya mumewe ulikuwa umefunguka mwanya mwembamba katikati ya umati, ulionyooka kama uzi wa fundi, na watu wa pande zote mbili walisimama wakisubiri bila kujua wanasubiri nini, mwanamke mmoja akivuta kigari cha mwanawe pembeni, mzee mmoja akivua kofia, na mwanya ule haukufungika, uliendelea na kuendelea, ukapita mbele ya meza za samaki na marobota ya vitambaa na kupinda kule walikotoka, mrefu kuliko alivyowahi kuota, huku chini, juu ya lami yenye maji, zikijichora nyayo nyekundu za miguu mitupu, moja juu ya nyingine juu ya nyingine.

Kwenye jukwaa la stesheni treni ilikuwa inangoja. Rolande aliweka kapu juu ya benchi. Alisema kama mwenyeji anavyopaswa kusema.

“Tumewasindikiza. Nyumba yenu itabaki vile iko. Hakuna muntu atawaamusha tena juu yake. Mwende salama.”

Milango ya treni ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka tena, kama yenye mtu katikati. Mfanyakazi wa treni alipuliza filimbi kwa hasira. Crispin alisogea. Aliweka mguu mmoja ndani.

“Crispin,” alisema Rolande.

“Hakuna wa kukamata nafasi yangu,” alisema. Macho yake yalikuwa mbali, na yalijaa machozi. “Nikiachilia, ule mwenzangu atafanya nini?”

Rolande alifungua mdomo. Alitaka kusema: nitakamata miye. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Bi Mwanvua alimfinya mkono kwa nguvu za mkunga, akatikisa kichwa.

Filimbi ilipulizwa tena. Crispin alimtazama mtu aliyekuwa kushoto kwake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akamtazama kwa muda, kama anayeuliza ruhusa.

“Miye naishia hapa,” alisema.

Mikono yake ikashuka.

Hakuna kilichovunjika. Ilisikika tu sauti ya tofali moja likiwekwa chini, polepole, na mtu aliyechoka. Halafu la pili, mbele kidogo. Halafu la tatu, na mengine, na mengine, jukwaa zima hadi kwenye giza la reli, mstari mzima ukiweka mizigo yake chini mmoja baada ya mwenzake, na baada ya kila tofali pumzi moja ndefu, ya mtu anayenyoosha mgongo. Abiria waligeuza vichwa. Kisha upepo wa moto wenye harufu ya kahawa iliyooza uliwapita usoni, ukaingia ndani ya treni, na milango ikajifunga kwa kishindo.

Behewa lilipoondoka, kwenye dirisha moja Rolande aliona kitu kimekaa peke yake. Hakikuwa na nguo tena wala umbo la kukisaidia. Kilimtazama kwa utulivu, kama mgeni anayeitia njia akilini.

Crispin alilala hadi Jumanne. Moyo wake ulitulia, na rangi ikamrudi usoni. Wala hawajasikia tena sauti ukutani, ingawa Rolande bado hafungui mlango bila kuuliza kwanza, na kwa watu asiowajua hasemi karibu. Husema tu, ndiyo.

Jioni moja, wakinywa chai, Crispin alimwambia kwamba pale stesheni, mwisho kabisa, yule mtu wa kushoto aligeuka, naye akamwona uso. Alikuwa kijana kuliko alivyodhani. Alimshukuru kwa kichwa, akaenda zake.

“Nilisimama kando yake siku zote zile,” alisema Crispin, “na sikumuuliza hata jina.”

Rolande aliandika kule mlimani kuuliza. Wazee walijibu kwamba jina la mzungu wa kahawa wanalikumbuka, na la mkewe, na la mbwa wake. Majina ya wale wengine hawana.

Basi wewe uliyenisikiliza hadi hapa, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Siku ukisimama mbele ya ukuta mzuri wa zamani, kabla hujausifu, uliza ni nani aliyempa nani tofali.